Kabla Hujalipia Damu, Samaki au Eksosomu: Historia ya Nyongeza za Sindano za Uso

Ukiuliza bei ya maikronidlingi Nairobi siku hizi, unaweza kupewa menyu kama ya mkahawa. Kudungwa zile sindano ndogondogo pekee, bei hii. Ukiongeza PRP, ile inayotolewa kwa damu yako mwenyewe, bei inapanda. Ukiongeza DNA ya salmoni, inapanda tena. Eksosomu ndiyo ya watu wakubwa. Halafu dada wa mapokezi anakungojea kama weita mwenye kalamu, na wewe, na makovu yako ya chunusi za fomu tatu, unafaa kuamua papo hapo.

Swali ambalo huwa naulizwa mob sana ni hilo: niongeze gani? Watu wanataka nitaje moja halafu tusonge. Lakini ukitaka kuchagua poa, lazima ujue hizi vitu zilitoka wapi, kwa sababu hazikuzaliwa pamoja. Sindano ina historia yake. Damu ina yake, samaki ana yake, eksosomu ina yake. Anayekuuzia anazifunga kwa kifurushi kimoja, na ushahidi wa sindano unageuka kuwa sifa ya kila kitu kilichopakwa juu yake. Hapo ndipo doo yako hupotelea, na wakati mwingine afya yako pia.

Msimamo wangu naweka mapema: lipia sindano kwanza. Nyongeza ije baadaye, na ije na majibu.

Chale na chanjo

Kabla hatujaenda Ulaya, tuanze na lugha yetu. Neno chanjo linatoka kwa kuchanja, kukata ngozi mikato midogo. Shosho zetu wanajua chale: mganga anakuchanja kwa wembe, kifuani au mgongoni, kisha anasugua dawa ya unga pale damu inapotokea. Kinga ya ndui nayo ilikuwa ikiingizwa kwa kukwaruza ngozi, na ikabeba jina la familia hiyo hiyo: chanjo.

Sasa angalia vizuri. Chale na chanjo zinatumia mlango mmoja. Ngozi inafunguliwa, kitu kinaingizwa. Kilichozitenganisha ni kile kinachoingizwa, na kama kuna mtu aliyekipima. Chanjo ya ndui ilipimwa na kufuatiliwa mpaka mwaka wa 1980 ugonjwa wenyewe ukatangazwa kuwa umekwisha duniani. Ile dawa ya unga ya mganga, ulikuwa unaamini tu.

Basi nitatumia hiyo picha mpaka mwisho. Sindano ni mlango. Nyongeza ni mgeni. Mlango ukiwa mzuri haimaanishi kila mgeni anayepita hapo ni mtu wa maana.

Mlango ulivyofunguliwa

Mwaka wa 1905 daktari wa ngozi Mjerumani, Ernst Kromayer, alichukua mashine ya daktari wa meno, ile inayozunguka na kutoboa jino, akaanza kuitumia kusugua makovu na madoa ya ngozi. Wazo lilikuwa rahisi: ondoa tabaka la juu, ngozi mpya itaota. Kwa miaka mingi baadaye wazo likabaki hilo, vifaa tu vikabadilika. Wakasugua kwa brashi za chuma, wakachoma kwa asidi, wakachoma kwa leza.

Shida ni kwamba ngozi yenye melanini nyingi kama zetu haisahau kuchomwa. Ukiichubua inajibu kwa kujijaza rangi, unabaki na doa jeusi mahali palipokuwa na kovu. Au seli za rangi zinaumia kabisa, unabaki na baka jeupe. Kwa hivyo kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, tiba kali za makovu hazikuwa na huruma sana na watu weusi.

Kisha miaka ya 1990 mambo matatu yakatokea karibu kwa pamoja.

La kwanza, Marekani, 1995. Madaktari David na Norman Orentreich walichapisha njia ya kuingiza sindano chini ya kovu lililobonyea na kukata nyuzi zinazolivuta kwenda chini. Ngozi ya juu haikuondolewa. Jeraha dogo lililofanywa ndani lilifanya mwili ujaze pengo.

La pili lilitokea Montreal, Kanada, karibu kwa bahati. André Camirand na Guy Doucet walikuwa wakichora tatuu ya rangi ya ngozi juu ya makovu meupe ya wagonjwa ili kuyaficha. Baada ya mwaka mmoja au miwili waliona kitu cha ajabu: ile rangi ya tatuu imefifia, lakini makovu yamekuwa bora, na rangi ya asili imeanza kurudi yenyewe. Wakajiuliza kama kilichofanya kazi ni wino au ni sindano. Wakajaribu mashine ya tatuu bila wino kabisa. Ikafanya kazi. Walichapisha hayo mwaka wa 1997.

Simama hapo kidogo. Ugunduzi uliozaa hii biashara yote ulikuja pale watu walipoondoa kile walichokuwa wakiingiza. Wino ulikuwa mgeni, na mgeni alipotolewa, mlango ukaendelea kufanya kazi peke yake.

La tatu ni letu Waafrika, na nashangaa vile halitajwi. Desmond Fernandes, daktari wa upasuaji kutoka Cape Town, alikuwa akitafuta njia ya kupunguza mistari ya juu ya mdomo bila kuchubua ngozi. Mwaka wa 1996 aliwaonyesha wenzake, kwenye mkutano wa madaktari wa upasuaji wa urembo huko Taipei, kifaa chake cha kugongea ngozi chenye sindano. Baadaye akatengeneza kile kigurudumu chenye sindano nyingi ambacho leo wote tunakiita dermarola. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wagonjwa 480 wa Ujerumani na Afrika Kusini. Huyo roli unayemwona kila mahali kwenye TikTok ana mizizi Cape Town, wasee.

Na inafanyaje kazi? Sindano zinafungua matundu madogo, damu kidogo sana inatoka ndani ya ngozi, na mwili unafikiri umeumia. Chembe za kugandisha damu zinafika, zinamwaga vichocheo vya ukuaji, vichocheo vinaita seli za kutengeneza kolajeni, na kwa wiki na miezi inayofuata kovu linajengwa upya kutoka chini. Tabaka la juu linabaki mahali pake, seli za rangi hazichomwi. Ndiyo maana kwa ngozi nyeusi hii njia kwa kawaida ina hatari ndogo ya madoa kuliko leza kali.

Weka alama hapo: chembe zako za damu huja zenyewe. Kila anayedungwa anapata vichocheo vya ukuaji bure, hata kama hajalipia nyongeza yoyote. Nyongeza zote tunazokuja kuzitaja zinajaribu kuongezea kitu ambacho tayari kimeanza.

Machi 2018 shirika la Marekani linalodhibiti dawa na vifaa vya tiba, FDA, liliruhusu kalamu ya sindano iitwayo SkinPen iuzwe kwa ajili ya makovu ya chunusi usoni kwa watu wa miaka 22 kwenda juu. Soma vizuri: makovu, usoni, miaka 22. Na ruhusa ilikuwa ya kifaa. Haikuwa baraka kwa kila kichupa kinachofunguliwa kando yake.

Mgeni wa kwanza: vitamini

Nyongeza ya zamani zaidi ndiyo inayoonekana ya kawaida zaidi. Kwenye ile kazi ya wagonjwa 480, watu walitayarishwa kwa krimu za vitamini A na C kabla ya kudungwa. Fernandes mwenyewe ndiye mwanzilishi wa Environ, kampuni ya vipodozi inayojulikana kwa vitamini A. Simlaumu, lakini ujue kwamba tangu siku za mwanzo, sindano na chupa vilikuwa vinatembea pamoja.

Sasa, krimu ya kupaka juu ya ngozi nzima ni kitu kimoja. Kuipaka juu ya ngozi iliyotobolewa matundu mamia ni kitu kingine kabisa. Mwaka wa 2014 jarida la kitabibu JAMA Dermatology lilieleza habari za wanawake 3 waliotokwa na vinundu vyekundu usoni baada ya kudungwa na kupakwa bidhaa kama hizo. Wawili walipopimwa, ngozi zao zilionyesha mzio kwa seramu ya vitamini C iliyotumika. Vinundu hivyo ni mwili ukizungushia ukuta kitu ambacho haukukialika. Kuna waliopata hata homa na maumivu ya viungo.

Hiyo seramu haikuwa sumu. Ilitengenezwa ikae juu ya ngozi, na mtu akaipitisha mlango wa ndani. Manukato, vihifadhi, rangi, vyote viliingia nayo.

Kwa hivyo ukiona mtu anakupaka chupa ile ile inayouzwa duka la vipodozi, papo hapo baada ya kukudunga, uliza: hii ni safi kwa kiwango cha kuingizwa mwilini, au ni ya kupaka tu? Kitu kinachotumika sana ili kalamu iteleze ni asidi ya hayaluroniki, ambayo Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka wa 1934 kutoka kwa jicho la ng'ombe, na ambayo mwili wako unaitengeneza kila siku. Ikiwa safi na haina manukato, inatosha kwa kuteleza. Isiuzwe kama muujiza.

Mgeni wa pili: damu yako

PRP ni plazma yenye chembe nyingi za kugandisha damu. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine mpaka inajitenga matabaka, ile sehemu ya rangi ya manjano inachukuliwa na kurudishwa usoni.

Hadithi yake ilianzia kwa wagonjwa. Madaktari wa damu walikuwa wakiwapa plazma kama hiyo watu waliopungukiwa chembe za kugandisha damu. Mwaka wa 1974 Russell Ross na wenzake Marekani walionyesha kwamba chembe hizi hazigandishi damu tu. Zinatoa kitu kinachofanya seli zikue. Mwaka wa 1998 Robert Marx, daktari wa upasuaji wa kinywa huko Miami, alichapisha kazi akionyesha kwamba mfupa uliopandikizwa kwenye taya ulikomaa haraka zaidi ukichanganywa na PRP. Taya, wasee. Watu waliopoteza sehemu ya mfupa wa uso. Hapo ndipo umaarufu wa hii kitu ulipoanzia.

Kutoka taya mpaka selfi ilichukua miaka 15. Charles Runels, daktari wa Alabama, alitoa jina la biashara lenye neno vampaya, na Machi 2013 Kim Kardashian akaweka picha uso ukiwa umejaa damu. Picha moja ikafanya kile ambacho makala za kitabibu hazikuweza kufanya kwa miaka.

Je, inafanya kazi? Kwa makovu ya chunusi, kuna ushahidi, na ni haki niseme. Utafiti mmoja wa India uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikuwa na wagonjwa 50. Kila mtu alidungwa uso mzima. Nusu moja ikawekwa PRP, nusu nyingine ikawekwa maji yaliyosafishwa. Upande wa PRP ulipata nafuu ya asilimia 62. Upande wa maji, asilimia 46.

Wauzaji wanakusomea ile 62. Mimi nakusomea ile 46. Maji! Sindano na maji vilikupeleka sehemu kubwa ya safari, na PRP ikaongeza kipande kilichobaki. Kipande hicho kina maana kama makovu yako ni ya kina na pesa ipo. Kama pesa ni ya kubana, ni afadhali ulipie sesheni nyingine ya kudungwa kuliko kuiongezea damu sesheni moja.

Lakini damu ina hadithi nyingine, na hii usiipite haraka. Mwaka wa 2018 huko Albuquerque, New Mexico, mwanamke mmoja aligunduliwa kuwa na virusi vya ukimwi ilhali hakuwa na hatari nyingine inayojulikana, ila alikuwa amefanyiwa huduma hiyo ya damu na sindano kwenye spa. Wakaguzi walipoingia walikuta mirija ya damu isiyo na majina kwenye meza ya jikoni, na mingine ndani ya friji pamoja na chakula. Sindano zilikuwa zimetupwa ovyo kwenye droo na meza. Spa yenyewe haikuwa na leseni. Ikafungwa. Aprili 2024 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kikachapisha ripoti: wateja wanne wa zamani na mpenzi wa mmoja wao walikuwa na virusi vinavyofanana sana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kuna walioambukizwa kwa huduma ya pale.

Nchi hii ilitumia miaka mingi kutufundisha tusishiriki wembe. Kwa kinyozi, kwenye tohara, kwenye chale, kila mtu na wembe wake. Wazazi wetu walisikia hayo kwenye redio mpaka wakachoka. Mrija wa damu usio na jina ni wembe ule ule umevaa koti jeupe. Damu yako mwenyewe ni salama ikiwa ni yako kweli. Kwa hivyo jina lako liandikwe kwenye mrija ukiwa unaona, na usiondoe macho kwake. Kama wanasema mashine iko chumba kingine na hauwezi kuingia, chukua mkoba wako.

Mgeni wa tatu: samaki

Hii ndiyo inayofanya watu wacheke, na historia yake ni tamu kuliko zote.

Mwaka wa 1869 kijana Mswisi, Friedrich Miescher, alikuwa Tübingen, Ujerumani, akifanya kazi kwenye chumba kilichokuwa zamani jiko la kasri. Alikuwa akikusanya bendeji zenye usaha kutoka hospitali, anaziosha, anachunguza seli zilizomo. Ndani ya viini vya seli hizo akapata kitu ambacho hakuna aliyekijua. Akakiita nyukleini. Leo tunakiita DNA. Aliporudi Basel, mji ulioko kwenye mto Rhine, hakuhitaji usaha tena, kwa sababu salmoni walikuwa wakipanda mto huo kuzaliana, na mbegu za salmoni dume karibu zote ni kiini. Samaki akawa kiwanda cha DNA.

Miaka zaidi ya mia baadaye, Waitalia wakawa wanatumia vipande vya DNA ya samaki wa jamii hiyo, PDRN, kama dawa ya vidonda. Utafiti wao uliochapishwa mwaka wa 2014 ulifuata wagonjwa 216 wa kisukari wenye vidonda vya miguu ambavyo haviponi. Waliopata PDRN, asilimia 37 walipona kabisa. Waliopata dawa bandia, asilimia 19. Kwa mtu aliye karibu kukatwa mguu, hiyo ni habari kubwa.

Korea Kusini ndiyo iliyoitoa kidondani na kuipeleka usoni, na jina linalojulikana zaidi ni Rejuran. Na mwaka wa 2024 nani akazungumzia mbegu za salmoni usoni kwenye kipindi cha familia yake? Kim Kardashian tena. Mwaka wa 2013 damu, mwaka wa 2024 samaki. Huyu dada ni kama kalenda.

Maoni yangu kuhusu PDRN: ni mgeni mwenye familia inayojulikana. Kuna kazi halisi ya vidonda nyuma yake. Lakini sikiza maneno mawili. Kwanza, wale wa vidonda walidungwa dawa kwa vipimo vya hospitali. Seramu ya kupaka yenye herufi PDRN kwenye sanduku si kitu kile kile, hata kama samaki ni mmoja. Pili, kidonda cha kisukari na kovu la chunusi ni shida mbili tofauti. Kilichoziba kidonda hakijathibitisha kwamba kinajaza shimo la miaka mitano shavuni. Na kama samaki hukudhuru ukimla, sema kabla hujalala kwenye kile kitanda.

Mgeni wa nne: eksosomu

Hapa tuko kwenye bei ya juu kabisa ya menyu, na ndipo ushahidi ni mchanga kabisa.

Mwaka wa 1983 timu mbili, moja ya Rose Johnstone huko Montreal na nyingine ya St. Louis, Marekani, zilikuwa zikichunguza chembe nyekundu changa za damu. Johnstone alitumia damu ya kondoo. Waliona seli zikitupa nje vifuko vidogo sana. Johnstone ndiye aliyevipa jina eksosomu. Kwa miaka mingi wengi walidhani ni takataka tu, seli inafagia nyumba. Mwaka wa 2007 timu ya Jan Lötvall huko Uswidi ikaonyesha kwamba vifuko hivyo hubeba RNA kutoka seli moja hadi nyingine. Ghafla takataka ikawa barua.

Ni sayansi kali, sikatai. Lakini barua ina swali lake: nani aliyeandika, na inasema nini? Eksosomu inaweza kutoka kwa mafuta ya binadamu, kwa kondo la nyuma, hata kwa mmea. Jina moja, vitu tofauti kabisa. Desemba 2019 FDA ilitoa onyo kwa umma baada ya wagonjwa wa Nebraska kupata madhara mabaya, ikasema wazi kwamba hakuna bidhaa yoyote ya eksosomu iliyoidhinishwa.

Kuna utafiti wa Korea wa mwaka wa 2020 unaopenda kutajwa. Nusu ya uso yenye eksosomu ilipunguza makovu kwa asilimia 32, nusu nyingine asilimia 20. Inapendeza. Lakini ulikuwa na watu 25, na walichomwa leza. Hawakudungwa. Ukiuziwa eksosomu na kalamu ya sindano kwa nguvu ya utafiti huo, umeuziwa mlango wa jirani.

Sasa unachagua vipi?

Ukizipanga hizi hadithi kando kwa kando unaona kitu kimoja. Taya iliyopoteza mfupa, mguu wa kisukari, mgonjwa aliyeishiwa chembe za damu: hizi nyongeza zilijipatia jina kwa watu wagonjwa sana. Kisha jina likasafiri haraka kuliko ushahidi, likafika kwa mtoto wa campo mwenye shavu lenye mashimo matano. Anayelipa tofauti ya mwendo huo ni wewe.

Mimi ningepanga hivi. Kwanza, jua shida yako. Mashimo na makovu yaliyobonyea ndiyo kazi ya sindano. Kama shida ni madoa meusi bila mashimo, anza na krimu ya kuzuia jua kila siku na daktari wa ngozi, kwa sababu huenda huhitaji kudungwa kabisa. Kama una chunusi zinazowaka sasa, zitibiwe kwanza. Sindano itasambaza uchafu. Na kama familia yenu ina keloidi, yale makovu yanayofura masikioni baada ya kutoboa, usiguse hii kitu kabla daktari hajakuangalia. Hakuna nyongeza inayorudisha hilo nyuma.

Pili, fanya sesheni tatu za sindano pekee, ukiziachia kama wiki nne katikati, na upige picha kwa mwanga ule ule kila mara. Kolajeni haina haraka. Ukilipia nyongeza zote siku ya kwanza, hutawahi kujua ni nini kilichokusaidia, na huo ndio uzuri wa kifurushi kwa anayekiuza.

Tatu, kama matokeo yamesimama na makovu ni ya kina, hapo ongeza. PRP kwangu ndiyo ya kwanza, mahali penye maabara safi na mirija yenye majina. PDRN inafuata, ikiwa ni daktari anayeidunga na bidhaa ina karatasi zake. Eksosomu naiacha kwenye menyu. Labda siku moja.

Nne, uliza bila aibu. Jina la anayekudunga ni nani, na yuko kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC? Unaweza kuikagua mwenyewe mtandaoni. Sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yangu? Hiki kichupa kinaitwa nini, kimetoka wapi, na kimetengenezwa kiingie mwilini au kikae juu ya ngozi? Mtu anayejua kazi yake atajibu hayo kwa dakika mbili. Anayekasirika amejibu pia.

Na ile dermarola ya kushirikiana hosteli, wasichana watatu roli moja, tafadhali. Si mlisikia kuhusu wembe?

Najua vile kovu la usoni linauma. Unajifunza upande gani wa kugeuza shavu kwenye picha, unajua taa za lifti gani ni mbaya. Ni hiyo aibu ndiyo inafanya mtu aseme "niwekee zote" bila kuuliza, na wanaouza wanaijua vizuri kuliko sisi. Sindano tupu iligunduliwa na watu waliothubutu kutoa wino na kuangalia kilichobaki. Na wewe thubutu kuanza na kidogo.